Jiwe la Kusagia Lililokatwa Kona

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Herufi zangu hulala upande kama mtama uliopigwa na upepo, na mkikuta nimeweka l mahali pa r, jueni kwamba nyumbani tunaongea Kisukuma. Kiswahili nilikipata shuleni mpaka darasa la saba, kingine nikakiokota kazini. Halafu naandika polepole. Sentensi naweza kuianza asubuhi nikaimaliza baada ya kuosha vyombo vya mchana. Lakini kusema mbele za watu kunanishinda kabisa, kwa hiyo hata kuandika polepole kwangu ni nafuu.

Nataka kueleza habari ya jiwe la kusagia la mama yangu, na kwa nini sasa halina kona moja.

Mama si mzaliwa wa huku. Alizaliwa Ngokolo, Shinyanga mjini, akaolewa na baba huku kwenye vilima vya upande wa Geita. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama akabaki na kaka yangu na mimi, na ili tule akajiunga na wanawake wanaoponda mawe. Nilipomaliza shule nami nikaenda kukaa pembeni yake, na kinu changu.

Kazi yenyewe iko hivi. Wachimbaji wanatuletea mbale, yaani vipande vya mawe wanavyodhani vina dhahabu. Tunaviponda kwenye kinu cha chuma mpaka viwe unga. Unga tunauosha kwenye karai, tunazungusha maji, kilicho chepesi kinamwagika na chini unabaki mchanga mweusi mzito. Humo ndimo tunamoangalia. Kilichomwagika kinaitwa marudio, nacho kinaingia shimoni pamoja na marudio ya watu wengine wote. Jicho langu limelelewa na kazi hiyo. Jiwe zuri ni lenye kutu au mshipa mweupe. Jiwe lisilo na mshipa ni la kuweka mlangoni watu wafutie matope.

Tuna desturi moja ambayo nawaomba muikumbuke: jiwe gumu kuliko yote ndilo linalotangulia asubuhi, mikono ikiwa bado na nguvu. Mawe laini husubiri jua kali.

Mwanzoni mwa kiangazi alikuja dada mmoja kutoka chuo kikuu, mtafiti wa miamba. Uongozi wa kijiji ulimleta kwetu kwa sababu chumba cha kaka kilikuwa wazi. Kaka anafanya kazi Kagongwa, kwenye mashine za kukoboa mpunga. Kila siku dada yule alipanda kilima na nyundo yake na kurudi amebeba mawe yaliyowachekesha wanawake wote. Yalikuwa meusi, yamekaa kimya, hayana hata uzi wa mshipa.

“Dada, haya si ya kujengea choo?” jirani yetu alimwuliza. Jirani huyu anaponda karibu na mama na hajui kunyamaza.

“Ndiyo ninayoyataka hayo hayo,” dada alisema. “Mshipa ukipita kwenye jiwe unaleta mambo ya kutoka kwingine. Mimi nataka jiwe ambalo halijaingiliwa.”

“Mayu! Anachagua mawe kama shangazi anavyochagua mchumba!” jirani aliwaambia wenzake.

Walicheka mpaka michi ikasimama. Yeye naye alicheka, na kuanzia siku hiyo wakamzoea.

Alitueleza kwamba kilima chetu ni lava iliyomwagika tabaka juu ya tabaka, kama vitenge vilivyopangwa sandukuni, cha chini ndicho kilichotangulia. Alikuwa anachukua jiwe kutoka chini kwenda juu ili ajue lava ilibadilikaje kadiri miaka ilivyopita. Miaka yenyewe ni zaidi ya bilioni mbili na nusu. Nilijaribu kuifikiria nikiwa naponda, nikashindwa, nikaendelea kuponda.

Siku moja alitakiwa kwenda Geita mjini kushughulikia kibali cha kusafirisha mawe. Mifuko yake ilikuwa imepangwa ukutani, kila mmoja na alama yake. Akamwambia mama, “Mama, naomba mnisaidie kuyapasua haya kidogo, mtoe lile ganda la nje lililooza. Mzigo upungue.”

“Nenda salama, mwanangu. Utayakuta tayari.”

Alisema kupasua. Lakini huku kwetu hajawahi kutokea mtu akaleta jiwe kwa wanawake wanaoponda ili lipasuliwe tu na kurudishwa. Jiwe likifika kwetu safari yake inajulikana mpaka mwisho. Tena huyu alikuwa mgeni wetu na mama alitaka kumpa kitu kamili. Basi kesho yake alfajiri mama na wenzake wakachagua kwenye ile mifuko jiwe gumu kuliko yote, kama desturi ilivyo. Lilikuwa la katikati ya mteremko. Waliliponda kwa zamu, wakalichekecha, wakaliosha vizuri kuliko wanavyoosha mbale za wateja. Mengine waliyaacha kwa siku ya pili.

Dada alirudi jioni hiyo. Mama alimpa kimfuko cha nailoni kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na mchanga mweusi, kiasi cha kujaza kiganja cha mtoto.

“Tumeanza na hili. Lilikuwa gumu kweli kweli. Ila nikuambie ukweli, mwanangu, dhahabu haimo.”

“Haimo hata ya kung'arishia jino!” jirani aliongeza.

Dada aliutazama ule mfuko. Kisha akauliza, taratibu sana, “Ule unga mwingine uko wapi, mama?”

“Unga upi?”

“Uliomwagika.”

Wote tuligeuka kutazama shimo la marudio.

Hakugomba. Alisema tu kwamba kosa ni lake, hakueleza vizuri, na kwamba kesho angepanda kuchukua jingine palepale. Kesho yake nilimsindikiza na dumu la maji. Tulipofika kwenye ule mteremko tukakuta haupo. Malori ya mgodini yalikuwa yamekwisha kumwaga kifusi kuanzia juu mpaka karibu na njia ya ng'ombe. Lile eneo lilikuwa limetengwa kwa kazi hiyo na tangazo lilikuwa limebandikwa ofisini kwa mtendaji, ila sote tulidhani watafika huku baadaye sana. Vumbi lilikuwa bado linatua.

Nilikusanya ujasiri nikamwuliza, “Dada, kwani huwezi kuchukua la pembeni?”

“Tabaka la katikati lilitokeza hapa tu. La chini ninalo,” alisema, “na la juu ninalo. La chini ni aina moja na la juu ni aina nyingine. Hili la katikati ndilo lingeniambia mabadiliko yalianzia wapi.” Akapiga picha kifusi, sijui kwa nini, tukashuka.

Mama alikuwa jikoni na sufuria ya maharage. Alimvutia dada kigoda, akasema, “Sasa nieleze tulichomwaga. Nieleze kama unamweleza mtu mzima.”

Nitaandika kadiri nilivyoelewa. Zamani hizo hapa palikuwa bahari. Sakafu ya bahari, ikiwa imelowa maji, ilikuwa inazama polepole kupita chini ya sehemu nyingine ya dunia. Ilipofika chini kwenye joto, maji yakaanza kutoka ndani yake na kupanda. Maji yakipanda hubeba vitu fulani vilivyomo kwenye mawe, na vingine hushindwa kuvibeba. Yanapoufikia mwamba wa moto ulio juu, yanaulainisha, unayeyuka na kutoka kama volkano. Volkano za namna hiyo hujipanga katika mstari uliopinda kama upinde wa mshale. Lava yake inakuwa na vingi vya vile vilivyobebwa, na inapungukiwa na vile vilivyoachwa chini. Kimoja cha vilivyoachwa kinaitwa niobi. Dada akipima jiwe akaona niobi imepungua kuliko wenzake, anaanza kufikiri kwamba hapo yalipita maji ya sakafu iliyozama. Alisema pia kwamba wapo wataalamu wanaobisha kama dunia ilikuwa tayari inafanya hivyo enzi hizo, na ndiyo sababu yeye anapima badala ya kusema tu.

Mama alifunua sufuria. Chini ya kifuniko kulikuwa na matone ya mvuke. Alichovya kidole, akaonja.

“Harufu ya maharage ipo,” alisema. “Chumvi hakuna. Chumvi imebaki chini.”

“Ndiyo hivyo hivyo, mama. Mimi ni kama mtu anayeonja matone ya kifuniko, ili ajue chini kulipikwa nini.”

“Basi wewe unatafuta kilichopungua.”

“Naam. Ndiyo maana nahitaji jiwe lote, chepesi chake na kizito chake. Nikipima ule mchanga mliobakisha utaniambia uongo.”

Mama alirudisha kifuniko. Alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, na mimi ninayemjua nilifahamu kwamba jambo limemwingia.

Kesho yake asubuhi mama alikuwa ubavuni mwa nyumba anasaga ulezi. Sisi unga wa ugali tunapeleka mashineni kama watu wote, lakini ulezi wa uji mama husaga mwenyewe, juu ya jiwe pana, jeusi, lenye bonde katikati lililochimbwa na mikono ya miaka mingi. Mimi nilikuwa nimekaa na dada kizingitini, ananionyesha kwenye simu picha za mteremko kabla haujafukiwa. Katika picha moja kulikuwa na mawe ya mviringo yaliyobanana kama maandazi yaliyowekwa kikaangoni mengi mno. Alisema lava ikimwagika majini huvimba hivyo. Chini ya hayo maandazi, palepale lilipotoka lile jiwe la katikati, ulionekana mwamba uliolala bapa, wenye makovu, kama kwamba watu walikuwa wakibandua vipande.

Mama alisimama nyuma yetu akipangusa mikono.

“Hapo napajua,” alisema.

Akatueleza jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisikia nusu nusu tu. Alipoletwa huku akiwa bibi harusi hakujua kusaga kwa mkono, maana Ngokolo mashine ilikuwa mtaa wa pili. Mawifi walimwita “binti wa mashine” na walikuwa wakija makusudi kumtazama anavyosaga, unga ukitoka chenga. Siku moja mama mkwe wake, bibi yangu, alimchukua mpaka kwenye ule mteremko. Akamwonyesha kovu ambalo jiwe la nyumba ile lilibanduliwa, akamwambia aweke unga kidogo pale. Waliporudi akamkabidhi jiwe mbele ya mawifi wote. Katika ukoo wa baba, mama mkwe akimpa mke wa mwanawe jiwe la kusagia, maana yake ni kwamba yule mke si mgeni tena na hakuna wa kumcheka jikoni mwake. Tangu siku ile hakuna aliyemwita binti wa mashine.

Dada alilitazama jiwe, kisha akatazama pembeni haraka, kama mgeni aliyeona nyama ikitolewa jikoni na hataki aonekane ameiona. Hakuomba. Nadhani angeondoka bila kuomba.

Nami nilijua kwa nini mama hakumpa papo hapo. Kaka yangu alikuwa amechumbia binti wa Bukombe, familia ya wakulima Wakatoliki, na ndoa ilikuwa inakaribia. Jiwe lile lilikuwa linamsubiri huyo binti. Nalo hukabidhiwa zima. Mama hakuwa na kitu kingine cha nyumba ile cha kumpa.

Alirudi akasaga ulezi wote. Kisha akaniomba simu, akampigia kaka na kuweka sauti ya nje, kwa sababu masikio yake yamechoka na kelele za vinu. Alimweleza yote. Kaka akacheka.

“Mama, likateni tu. Nani anasaga kwa mkono siku hizi? Huyu nitamnunulia blenda.”

Uso wa mama ulibadilika. Kaka angemkatalia ingekuwa afadhali. Kabla hajajibu tukasikia purukushani upande wa pili, halafu sauti ya kike. Kumbe mchumba alikuwa amekuja Kagongwa na dada yake kununua vitu vya harusi, na walikuwa wote.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mama, hilo jiwe kwa sasa ni langu au ni lako?”

“Ni langu bado.”

“Basi si la kuulizwa mimi wala huyu anayecheka hapa. Wewe ndiye uliyesaga juu yake. Ila ukikata, usiniachie ncha kali, nitachana kanga.”

Mama aliguna, na ile aina ya mguno ninaijua, ni kicheko kilichokataa kutoka. “Wabeja, mwanangu,” alisema, yaani asante. Akakata simu, akamwita dada.

“Unahitaji kiasi gani?”

“Kama ngumi tu, mama. Lakini si lazima. Nasema kweli, si lazima.”

“Njoo na nyundo yako.”

Mama alifagia jiwe, akaliosha, akachukua unga wa ulezi kwa vidole akauweka pale bondeni, kama alivyofundishwa. Kisha tukaligeuza kifudifudi juu ya gunia. Alishika nyundo, akaielekeza kwenye kona ambayo goti halifiki, akaishusha bila kupiga. Akanipa mimi.

“Wewe ndiye mwenye mkono,” alisema.

Wanawake walikuwa wamekwishajaa uani. Mimi watu wakinitazama hata kutembea hunishinda. Lakini jiwe nalijua. Nilitafuta mahali lilipokuwa na ufa mdogo wa kuzaliwa, dada akafunika kona kwa kitambaa kizito, nikapiga. Mara ya kwanza lililia kama kengele iliyozibwa. Niliporudia kona ikatoka.

Ndani hapakuwa peusi kama nilivyodhani. Palikuwa na kijani kilichoiva sana, pamoja na vimeta vidogo kama chumvi. Mama aliinama akapagusa. Alikuwa amesagia juu ya jiwe lile tangu ujana wake na hakuwahi kujua rangi ya ndani yake. Nami nilikuwa nimeponda mawe mengi nisiyoweza kuyahesabu, na nadhani ile ilikuwa mara ya kwanza kulivunja moja na kulitazama, badala ya kutazama kama kuna kitu kingine ndani yake.

Dada aliendelea kulipasua kidogo kidogo. Kila kipande chenye uso wa nje, au kilichoguswa na chuma, alikiweka kando. Alibakiza kile cha moyoni tu.

“Tukuoshee?” jirani aliuliza, na ua mzima ukalipuka kwa kicheko, dada akiwa wa kwanza.

Mama mwenyewe alisugua ile kona kwa jiwe jingine mpaka ncha ikaisha. Ilimchukua muda mrefu na alikataa kusaidiwa.

Kaka alioa. Siku ya kukabidhi, mama alikuwa na wasiwasi kuliko bibi harusi. Mawifi wa mama, ambao sasa ni wazee, waliona pengo wakaanza kunong'ona. Mama akawaambia kwa sauti ya wote kusikia, “Kona nimetoa mimi. Jiwe ni lake tangu sasa. Mwenye la kusema aniambie mimi.” Wifi yangu, yaani mke wa kaka, alipiga magoti, akapitisha kiganja kwenye lile pengo, akasema ni laini. Halafu akasaga. Unga wake ulitoka chenga kama wa mama enzi zile, na hakuna aliyecheka.

Majibu yalikuja baada ya mvua, kwa simu. Dada alisema mawe ya chini ya kilima yanafanana na lava ya kawaida ya sakafu ya bahari, na ya juu yana ule upungufu wa niobi ulio wazi. Jiwe la mama limeanza kupungukiwa, si sana, ila limeanza. Kwa hiyo huenda ni pale, kwenye tabaka lile walilobandua mabibi zetu, ambapo volkano za upinde zilianza kujenga juu ya bahari. Alisema huenda, na akarudia huenda. Mwalimu wake amemwambia kwamba jiwe moja lililotoka jikoni halitoshi kusimamia neno kubwa hivyo, hata kama mwenye jiwe alionyesha mahali kwenye picha. Linahitaji wenzake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Mwambie mwalimu wako sawa. Shahidi mmoja hatoshi hata kwenye kesi ya mbuzi.”

Tangu hapo nimekuwa nikifikiria. Mteremko ule umefukiwa na hautafukuliwa tena. Lakini wanawake walibandua mawe pale vizazi na vizazi, na wakienda kuolewa mbali waliyabeba. Kwa hiyo kilima hakijaisha, kimetawanyika majikoni. Huenda kipande kiko Bukombe kimeegemezwa ukutani. Huenda kingine kiko Maganzo, kinazuia mlango usipigwe na upepo. Kingine huenda mnakitumia kunolea visu.

Ndiyo sababu nimejikaza nikaandika. Wewe unayesoma, ikiwa nyumbani kwenu kuna jiwe la kusagia lililotoka vilima vya Geita, muulize mwenye jiko: lilibanduliwa wapi, nani alilileta, palikuwaje hapo mahali, kulikuwa na mawe yaliyobanana kama maandazi? Kisha niandikie, kwa njia hiyo hiyo iliyokufikishia maandishi haya. Sikuombi jiwe lako, wala sikuombi ukate kona. Hilo ni lake aliyesagia juu yake, ataamua mwenyewe. Niandikie tu mahali. Mwandiko wako hata ukiwa mbaya kuliko wangu nitausoma. Mimi husoma polepole pia, lakini nafika mwisho.